Picha za utumbo zisiishie kabatini

Mhariri, naomba kanafasi. Mdogo wangu hapa Mbagala kaharisha damu karibu mwaka, kila akienda anapewa dawa za amiba, mpaka walipomkata kinyama cha utumbo mpana wakapima ndo ikajulikana kinga yake mwenyewe inaushambulia utumbo. Daktari alinionyesha picha ya hadubini, pinki na zambarau, vitezi vya kusimama wima kama chupa kwenye kreti vimepinda, seli nyeupe zimejazana katikati. Siku hizi programu za kompyuta zinahesabu hizo seli moja moja, ipi jirani na ipi, umbali gani, kazi inayochosha macho. Jamani Wizara ya Afya, slaidi zetu, yaani vile vioo vyenye vinyama vilivyopimwa, zisikae kabatini, ziskaniwe ziwe picha za kufundishia programu hizo, maana programu iliyofundishwa kwa picha za Ulaya na Marekani tu, utumbo wenye kichocho itautambuaje?

Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam