Barua kwa mwanangu: korosho 41

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Kifurushi nimekichukua stendi. Sukari ilipasuka kidogo, kitabu kikaja kimepakaa utamu, na ndio utamu pekee nilioupata kwenye kitabu hicho.

Usinune. Najua ulikisaka kwa ajili yangu kwa sababu jaladani kuna chombo chetu cha Star Trek, ule mfululizo wa televisheni wa safari za angani tuliokuwa tukiutazama pamoja, na hii ni riwaya yake. Nilikianza jioni ile ile barazani, ming'oko ikichemka jikoni. Kufika ukurasa wa 30 naona watu wanakufa mfululizo, nikaamua kuhesabu: kila anayekufa, korosho moja kwenye sahani. Sura ya sita haijaisha, korosho 41. Nikaishia hapo, maana mama yako mdogo alifika, akakaa, akaanza kuwatafuna marehemu.

Damu hainitishi. Nimekaa leba miaka mingi, unajua mwenyewe nilivyokuwa narudi nyumbani. Kinachoniudhi ni huyu mwandishi kutumia kurasa mbili nzima kueleza mkono ulivyokatwa, mfupa na mishipa, halafu mwenye mkono hana hata jina. Ukurasa unaofuata kasahaulika. Hata wale walinzi wa mashati mekundu wa kwenye mfululizo, waliokuwa wakifa kila mara, ambao mimi na wewe tulikuwa tunawaaga mapema wakishuka tu sayarini, nahodha alikuwa akiwasikitikia.

Unamkumbuka yule kiumbe kama jiwe linalotambaa? Kipindi kile cha 1967. Anaua wachimba madini mmoja baada ya mwingine, anawachoma kwa asidi, na wewe umejificha nyuma ya kanga yangu. Wachimbaji wanataka auawe. Spock, yule msaidizi wa nahodha anayesoma mawazo kwa kugusa, anamwekea mikono, anaanza kulia kwa maumivu ambayo si yake. Kumbe yale mawe ya duara waliyokuwa wakiyavunja ni mayai, na yule ni mama anayelinda wanawe. Baadaye wanaelewana: watoto watoboe miamba, watu wachukue madini. Wewe ukaniuliza, "Mama, sasa nani alikuwa mbaya?" Sikuwa na jibu, nikakuambia ulale.

Hicho nacho kilikuwa na maiti, tena si wachache. Ila kila aliyekufa alitusogeza karibu na lile pango la mayai. Kwenye kitabu hiki adui anatoka gizani, anapigwa, anatoka mwingine. Hakuna anayemuuliza anataka nini! Spock mwenyewe, mtu wa kufikiri kwanza, kageuzwa mpiga shingo.

Na Uhura wetu je, yule afisa mweusi wa mawasiliano chomboni? Ulipoambiwa jina lake limetoka kwenye "uhuru" ulizunguka mtaa mzima ukitangaza kuwa kuna shangazi yetu angani. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa sababu watu weusi walihitaji kumwona pale. Baada ya yote hayo, mwandishi huyu kampa bunduki na sentensi nne. Nimezihesabu pia, hizo hazikuhitaji korosho.

Ule mfululizo wa kwanza ulikuwa na vipindi 79 tu, ukasimamishwa 1969. Mtu anayenunua riwaya yake anataka kukaa tena na watu anaowajua. Mimi nimekutana na wageni waliovaa nguo zao.

Binamu yako alikiomba, nikamwambia asubiri amalize shule. Sasa kiko juu ya kabati, chini ya ungo.

Alhamisi nakutumia kwa basi korosho kilo mbili, zilizobanguliwa, na ming'oko kidogo. Mkwe wangu umwambie aichemshe siku ile ile. Na ukipita wanakouza diski, niulizie ile yenye kipindi cha mama wa mawe. Ya kwetu uliikwaruza wewe ulipoifanya usukani.

Mama yako