Barua ya Pudentilla usiikate

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na ukimya wangu unisamehe. Mwanaidi kanifikishia mswada wa mchezo wako wa redio. Mtamu, ila ulipofika mahakamani umeniacha hoi.

Apuleius, yule mwandishi na mwanafalsafa wa Afrika ya Kirumi, hakuwa na wakili. Alijitetea mwenyewe pale Sabratha, Libya ya leo, mwaka 158 au 159, mbele ya liwali Claudius Maximus, kwa shtaka la uchawi, eti alimroga mjane tajiri Pudentilla hadi akaolewa naye, chini ya sheria ya Sulla, mtawala wa Roma, ya mwaka 81 KK. Na Aemilianus, ndugu wa marehemu mume wa Pudentilla, hakushtaki kwa jina lake. Alimtanguliza kijana Pudens, mwana mdogo wa Pudentilla, ili kesi ikionekana ya uongo yeye asiguswe.

Sasa barua. Umemfanya Pudentilla akiri: “Apuleius ni mchawi, kanipa limbwata.” Kumbe ndicho kipande alichozunguka nacho mjini Rufinus, mkwe wa Pontianus, mwana mkubwa wa Pudentilla! Barua nzima ilikuwa ya Kigiriki, kwa huyo Pontianus: wewe ndiye uliyenishawishi niolewe naye, leo wenye roho mbaya wamekugeuza, ghafla Apuleius kawa mchawi na mimi nimerogwa. Mama anakejeli, Hamisi! Apuleius akatoa nakala iliyonakiliwa mbele ya mashahidi, Aemilianus mwenyewe ameisaini, akasomesha maneno ya juu na ya chini ya kipande kile. Karani akisoma ushahidi, saa ya maji inazibwa, muda wa mtetezi usiliwe. Weka matone yakidondoka, kisha kimya. Redioni patakolea.

Samaki, walioitwa vifaa vya uchawi, wapitie haraka: aliwapasua kwa ajili ya elimu. Mtoto aliyeanguka, aliyedaiwa kurogwa naye, alikuwa na kifafa, basi.

Fedha usiziruke. Kwao mahari hutoka kwa mke: sesterti (sarafu za Kirumi) 300,000, kwa mwanamke mwenye mali ya milioni 4, tena za kuahidiwa tu, na akifa bila kumzalia Apuleius zote zinarudi kwa wanawe. Mchawi gani huyo aroge kwa hasara? Umri nao: walidai bibi ana 60. Vibao vya kumbukumbu ambavyo baba yake alimsajilia alipozaliwa vikatoa 40 na kidogo.

Lakini hata ukibanwa na muda, punguza samaki, barua iache nzima.

Rufinus anachezwa na nani? Una dakika ngapi? Mzee Shabani bado anang'ang'ania hirizi? Na kile kifurushi cha kitani walichodai ni cha uchawi wake, mbona umekifungua mchezoni, wakati washtaki wenyewe walikiri hawajui ndani mna nini?

Wako,
Athumani