Nguzo ni zile zile, mashimo siyo

Haipiti muda mrefu kabla mteja mwingine hajatuuliza kwa nini makadirio yetu ya uzio yako juu kuliko ya fundi aliyempata kwingine, ilhali nguzo ni zile zile. Wa karibuni alikuja na karatasi mbili mkononi akatuambia waziwazi kwamba tunamwibia. "Shimo ni shimo tu," alisema. Neno hilo limetuuma, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yetu inafukiwa, na mwenye nyumba haioni tena.

Chukua nguzo ya mbao yenye unene wa sentimita 10 na urefu wa mita 2.4. Sisi tunachimba kwenda chini sentimita 75, upana 30, yaani mara tatu ya unene wa nguzo. Chini tunatandaza kokoto sentimita 10 na kuzishindilia, nguzo inasimama juu yake, na kinachobaki kinajazwa zege. Shimo la namna hiyo linameza zege la kilo 90 na ushee. Yule wa bei nafuu anachimba sentimita 40, upana 20, na zege lake ni kilo 20 hivi. Zidisha kwa nguzo zote za uzio wako, uongeze na jasho la mchimbaji, utaona tofauti ya zile karatasi mbili imetoka wapi.

Uzio wa mbao uliozibwa hupokea upepo kwa upana wake wote, na nguzo ndiyo inayobeba mzigo huo. Shimo likiwa fupi, nguzo inang'oka na bonge lake la zege. Tumeshayang'oa mengi ya aina hiyo, na hapo ndipo bei nafuu inapogeuka: unalipia kuvunja bonge, kuchimba shimo ambalo sasa limetanuka na linataka zege zaidi, na mara nyingi nguzo mpya.

Njia ya mkato tunayoikuta zaidi ni kumwaga saruji, mchanga na kokoto vikavu shimoni, kisha ndoo ya maji juu. Tuliitwa kunyoosha uzio uliojengwa hivyo. Juu palikuwa na ganda gumu, lakini sururu ilipopita tukakuta vumbi la saruji lisilowahi kukutana na maji. Sisi tunachanganya kwanza: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, na maji ya kulainisha tu. Wapo wanaotuomba tuongeze maji ili kazi iende haraka. Tunakataa, kwa sababu maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na zege hilo halina nguvu.

Lawama nyingine ni kwamba zege linaozesha mbao. Kinachoozesha ni maji yaliyokosa pa kwenda. Ukiizungushia nguzo zege hadi chini ya kitako, umeitengenezea kikombe. Ndiyo maana ya zile kokoto, na ndiyo maana uso wa zege tunauinua kidogo juu ya ardhi na kuupa mteremko pande zote, maji ya mvua yakimbie. Mbao huoza hasa pale zinapokutana na ardhi, kwa hiyo tafadhali usije ukarundika udongo wa bustani juu ya mteremko huo.

Nguzo za kona na za geti tunazichimbia zaidi, na za kona tunaziwekea mihimili ya kuegemea, kwa kuwa kwenye uzio wa waya, wavu ukikazwa unavuta upande mmoja.

Halafu kuna subira. Mteja mmoja, tulipoondoka, alimwita mchomeleaji kesho yake akaning'iniza geti la chuma. Nguzo ikalala, zege likapasuka, akatupigia simu kwa hasira. Zege la kawaida likifika siku ya 7 lina takriban theluthi mbili ya nguvu yake, na nguvu kamili tunaihesabu siku ya 28. Tukikuambia tutarudi wiki ijayo kukaza wavu, na wewe uendelee kulimwagilia maji, hatuvuti kazi ili tulipwe zaidi. Safari hiyo ya pili imo tayari kwenye bei uliyopewa.

Mwenye shaka aje na futi kabla hatujamwaga zege, achague shimo lolote apime. Na kama umeshapatana na fundi mwingine, mwombe aandike kina na upana wa shimo kwenye makadirio yake kabla hujampa malipo ya awali.