Wageni wetu wapelekwe Montgomery

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na Waswahili wenzangu tunaoishi Atlanta na miji jirani ya Georgia, pamoja na jamaa zetu wanaopata viza ya kuja kututembelea wakati wa mahafali, harusi au uzazi. Kila mwaka tunawapokea wazazi, shangazi na wajomba waliosafiri safari ndefu kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, nao wakishapumzika tunawazungusha kwenye maduka makubwa na migahawa, kisha tunawarudisha uwanja wa ndege na masanduku yaliyojaa nguo na viatu. Sina ugomvi na manunuzi, kwa maana nyumbani wanaosubiri zawadi ni wengi. Ninachosikitikia ni kwamba kwa mwendo wa gari wa saa mbili na nusu hivi kutoka Atlanta, kwa barabara kuu nambari 85, upo mji ambao mzee yeyote wa Afrika Mashariki angefurahi kuuona kabla ya kurudi kwao, na wengi wetu hatujawahi kumpeleka mgeni huko hata kwa nusu siku.

Mji huo ni Montgomery, makao makuu ya jimbo la Alabama, wenye wakazi wapatao laki mbili. Si mji mkubwa wala si mji wa starehe, na katikati yake pana utulivu ambao mgeni aliyezoea pilika za Kariakoo anaweza kuudhania usingizi. Lakini sijui mji mwingine wa kusini mwa Marekani ambako mambo mazito kiasi hicho yametokea karibu karibu namna hiyo. Mtaa wake mkuu, Dexter Avenue, unaanzia kwenye uwanja wenye chemchemi na kupanda taratibu hadi jengo la bunge la jimbo, na urefu wake haufiki kilomita moja. Mtu mwenye miguu mizuri huumaliza kwa robo saa, na mwenye fimbo atachukua muda zaidi bila taabu. Kwa kuwa saa za Alabama ziko nyuma ya saa za Georgia kwa saa moja, anayeondoka Atlanta saa moja asubuhi hufika Montgomery kwenye saa mbili na nusu ya huko, akiwa na siku nzima mbele yake.

Ushauri wangu ni kwamba matembezi yaanzie chini, upande wa mto, wala si kileleni kwenye jengo la bunge ambako magari mengi ya watalii husimama kwanza. Kwenye kingo za mto Alabama ndipo meli za mvuke zilipowashusha watu waliofungwa minyororo, na reli ilipofika nayo ikaongeza idadi yao, hata Montgomery ukawa miongoni mwa masoko makubwa ya watumwa katika jimbo hilo kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kutoka mtoni watu hao walipandishwa kwa mtaa wa Commerce hadi kwenye uwanja uitwao Court Square, ambako waliuzwa kwa mnada pamoja na mifugo na ardhi. Leo katikati ya uwanja huo pana chemchemi iliyojengwa mwaka 1885, na kando yake kuna jengo la matofali ambamo, mwezi wa Aprili 1861, serikali ya majimbo ya kusini yaliyojitenga ilituma telegramu ya kuruhusu kushambuliwa kwa ngome ya Fort Sumter, shambulio lililoanzisha vita hivyo.

Hapo hapo Court Square, tarehe 1 Desemba 1955, Bi. Rosa Parks alipanda basi akitoka kazini kwake, kwenye duka alikokuwa fundi wa kushona. Sanamu yake imesimama kwenye uwanja huo tangu mwaka 2019. Habari ya kukataa kwake kumpisha Mzungu kiti inajulikana na watoto wa shule hata kwetu, kwa hiyo sitairudia. Yasiyojulikana sana ni yale yaliyofuata, na hapo ndipo ningependa wenyeji tuchukue muda kuwaeleza wageni wetu, hasa akina mama.

Usiku ule ule wa kukamatwa kwake, Bi. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alipiga chapa maelfu ya vikaratasi vya kuwaita watu wasusie mabasi siku ya Jumatatu. Mgomo uliokusudiwa kuwa wa siku moja ukaendelea kwa siku 381. Wengi wa walioubeba mgomo huo mabegani walikuwa wapishi, wafuaji na wayaya, watu waliokuwa wakivuka mji asubuhi kwenda kufanya kazi katika nyumba za wengine na kurudi jioni kupika katika nyumba zao. Kwa mwaka mzima na zaidi walitembea kwa miguu au walipakiwa katika magari ya kuchangiana, na magari hayo yalihitaji mafuta na matengenezo. Bi. Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya kampuni ya mabasi, alikuwa na kundi la wanawake waliouza kuku wa kukaanga, samaki na keki, na kuzipeleka fedha kwenye mikutano ya mgomo bila kuwataja waliozitoa, ili wanawake hao nao wasifukuzwe. Mama yeyote wa kwetu aliyewahi kukaa katika kikundi cha kuchangishana ataelewa jambo hilo bila kuhitaji mkalimani. Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote za mtaa ule, kubwa kuliko hata hotuba zilizotolewa kileleni mwake.

Ni haki pia kuwataja wanawake wanne ambao kesi yao ndiyo iliyovunja sheria yenyewe. Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith ndio walioishtaki serikali ya mji, na mwezi wa Novemba 1956 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali hukumu kwamba kuwabagua abiria katika mabasi ni kinyume cha katiba. Claudette Colvin alikuwa na umri wa miaka 15 alipokamatwa mwezi wa Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Wajukuu wetu wa umri huo huwa ndani ya gari wakati wa safari kama hizi, wakitazama simu zao, nao wanastahili kulisikia jina hilo.

Ukipanda mtaa, karibu na kileleni, kuna kanisa dogo la matofali mekundu ambalo Martin Luther King alilichunga kuanzia mwaka 1954 hadi 1960. Alipofika alikuwa kijana wa miaka 25. Mpango wa mgomo ulipangwa katika chumba cha chini cha kanisa hilo, na anayetaka kuingia ndani ni vizuri aulizie mapema kwa simu. Hapa pana jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, nami huona ajabu kwamba halisemwi zaidi. Mwaka 1959 Tom Mboya alipozunguka Marekani kuwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo, jumuiya iliyoongozwa na King ilimwandalia karamu Atlanta, na baada ya hapo King alimwandikia Mboya kuhusu kusaidia gharama za kijana Mkenya aliyekuwa aende kusoma katika chuo cha Tuskegee, msaada ambao ulihusu jumuiya hiyo na kanisa hili la Dexter. Tuskegee penyewe ni njiani, kabla ya kufika Montgomery. Waumini wa kanisa lililopita katika mgomo wa mwaka mzima miaka michache tu nyuma walikuwa tayari kufikiria karo ya mtoto wa Kenya. Mgeni kutoka Kisumu au Machakos anapaswa kuelezwa hayo akiwa amesimama mbele ya mlango wa kanisa lile.

Kutoka kanisani hadi ngazi za bunge ni mwendo wa dakika chache tu. Juu ya ngazi hizo kuna nyota ya shaba inayoonyesha mahali aliposimama Jefferson Davis mwezi wa Februari 1861 akila kiapo cha urais wa majimbo yaliyojitenga ili kuuhifadhi utumwa. Chini ya ngazi hizo hizo, tarehe 25 Machi 1965, watu wapatao 25,000 walikusanyika mwisho wa maandamano ya miguu kutoka Selma, wakidai haki ya kupiga kura, na sheria ya kuwapatia haki hiyo ikatiwa saini mwezi wa Agosti mwaka huo. Sanamu ya Davis bado ipo katika viwanja vya bunge, na nyumba aliyoishi imehifadhiwa ng'ambo ya barabara. Tena jimbo la Alabama huadhimisha siku ya King na siku ya Robert E. Lee, jemadari wa jeshi la kusini, kwa pamoja katika Jumatatu moja ya Januari. Wapo wenyeji wanaowapitisha wageni haraka mahali hapo kwa kuona aibu. Naona ni kosa. Mgeni aone yote mawili, kwa maana hoja ya nani akumbukwe na kwa namna gani haijamalizika katika mji ule, naye ataielewa vizuri zaidi Marekani ya leo akiiona hoja hiyo imesimama mbele yake katika mawe na shaba.

Linabaki eneo la kumbukumbu lililo kwenye kilima, nje kidogo ya mtaa huo, na huko ni afadhali kwenda kwa gari. Lilifunguliwa mwezi wa Aprili 2018 na taasisi ya mwanasheria Bryan Stevenson, kwa ajili ya Weusi zaidi ya 4,400 waliouawa na magenge ya Wazungu kati ya 1877 na 1950, wengi wao kwa kunyongwa, bila hukumu ya mahakama yoyote. Ndani yake mna nguzo za chuma zaidi ya 800, moja kwa kila kaunti ambako mauaji hayo yalitokea, zikiwa zimechongwa majina na tarehe, na pale jina lisipojulikana pameandikwa hivyo. Mwanzoni nguzo hizo ziko usawa wa macho, kisha sakafu inateremka kidogo kidogo hadi zinakuwa zinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Karibu na lango kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo zilizotengenezwa na Kwame Akoto-Bamfo wa Ghana.

Wageni wetu wa pwani si wa kufundishwa upya maana ya biashara ya watumwa, kwa kuwa wameiona Bagamoyo na wamepita Mkunazini, Unguja, ambako kanisa kuu lilijengwa mahali palipokuwa soko lililofungwa mwaka 1873. Lakini kule kwetu wengi wa waliouzwa hatuna majina yao. Kilichowanyamazisha wazee niliowaona pale kilimani ni wingi wa majina, yamepangwa kaunti kwa kaunti, hata ukoo ukaweza kuja na kumtafuta mtu wake. Taasisi hiyo ina pia jumba la makumbusho katikati ya mji, kubwa na lenye mengi, nami nasisitiza kwamba mwenye saa chache asijaribu kulimaliza jumba na kilima kwa siku moja akiwa na wazee au watoto wadogo. Achague kimoja. Ningechagua kilima, kwa sababu ni cha wazi, kina hewa, na mtu anaweza kukaa kando akatafakari bila kusukumwa na walio nyuma yake.

Nimeelezwa na baadhi ya ndugu kwamba mgeni amekuja kufurahi na wajukuu, na kwamba si adabu kumpeleka mahali pa huzuni. Naheshimu nia yao, lakini wanawapunguzia wazee wetu heshima. Hao ni watu waliokuwa watoto au vijana wakati bendera za mkoloni ziliposhushwa. Wamezika, wamejenga, wamesomesha. Wanaweza kubeba saa tatu za historia ya watu wengine, na pengine watakuwa na la kusema kuliko sisi tuliowaendesha. Katika safari hizo mazungumzo ya kurudi ndani ya gari hudumu hadi Atlanta, na mara nyingi ndipo babu anapowasimulia wajukuu mambo ya uhuru ambayo hata sisi watoto wake hatukuwahi kuyasikia.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya Watanzania na Wakenya huku Georgia waiweke Montgomery katika ratiba zao za kiangazi, wakodi basi dogo, na watafute mtu mmoja wa kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili kizuri. Nakuomba na wewe Mhariri, unapochapisha makala za safari za Marekani, usiishie New York na Washington. Kwa watakaokwenda, waangalie kwanza siku za kufunguliwa, kwa sababu jumba na kilima hufungwa siku fulani za mwanzo wa wiki. Kiingilio chake hakifiki bei ya chakula cha mchana. Katika Julai na Agosti jua la Alabama ni kali na lina unyevu kama wa Tanga, hivyo kilima kiendewe asubuhi, mtaa wa Dexter uachwe hadi alasiri, na wazee wabebewe maji na kofia.

Wako katika ujenzi wa jamii,

Msomaji,
Atlanta, Georgia.