Risala ya Klabu ya Kupanda Milima kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kufika, tukijua una majukumu mengi. Waliotangulia kukaa katika kiti hicho nao walikuwa na majukumu mengi, na tunaamini ndiyo yanayowachelewesha hadi leo.

Historia yetu ni fupi, hatutakuchosha nayo. Tulianza wachache, tukaongezeka. Mafanikio ni makubwa: tuna katiba, tuna mweka hazina, na tumefika kileleni mwa kila kilima kinachopandika bila kamba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo wanaouliza mlima unamfaa nini mwanafunzi. Unamfundisha kusimamia mradi. Tarehe 26 Mei 1953, Charles Evans na Tom Bourdillon walibakiza takribani mita 100 tu kwenda juu wafike kilele cha Everest. Muda ulikuwa umekwenda na mtambo wa oksijeni ulikuwa unasumbua, wakageuka. Kiongozi wao, John Hunt, alikwisha kuandaa watu wawili wengine, na tarehe 29 Mei Tenzing Norgay na Edmund Hillary wakasimama kileleni. Mei 1996, dhoruba iliyopiga mlima huohuo iliua watu 8, wakiwamo waliokuwa bado wanapanda baada ya saa nane mchana, ambayo huko kwa kawaida ndiyo saa ya mwisho ya kugeuka na kurudi chini, kilele kifikiwe kisifikiwe. Ndiyo maana kwetu saa ya kugeuka huandikwa kabla ya safari, na hata mwanachama mdogo kuliko wote ana haki ya kuitangaza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ombi letu ni moja: kamba.

Kamba ya kupandia mwamba hutengenezwa ili ivutike mtu anapoanguka, mshtuko usimwishie mwilini. Watengenezaji huonya kwamba isizidi miaka 10 hata kama haijawahi kutumika, na ikitumika sana umri huo hupungua mno. Zetu tulipewa zikiwa zimetumika, bila karatasi ya kuonyesha zilitengenezwa lini. Ganda limechanika, na mahali pengine nyuzi za ndani zinachungulia. Mwalimu mlezi amezipiga marufuku, nasi tunamuunga mkono, ingawa baadhi yetu walinuna. Kwa hiyo somo la kumshikilia mwenzako kwa kamba tunalifanyia uwanjani, sote tukiwa tumesimama chini. Hadi sasa hakuna aliyeanguka.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea kwa moyo mkunjufu, tukampigia makofi. Wa mwaka jana alisema suala liko kwenye mchakato, tukapiga makofi tena. Barua za kukumbushia tumeziandika kwa adabu, na nakala zimo kwenye faili endapo utapenda kuzipitia. Hatulalamiki, Mheshimiwa. Tunatoa taarifa tu.

Mwaka huu tunaomba zaidi ya ahadi. Katika mipango yetu ya safari, kazi isiyo na mwenyewe wala saa tunaihesabu kuwa haipo: asipotajwa mtu wa kubeba maji, tutafika bila maji. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba kabla hujaondoka utuachie tarehe, pamoja na jina la ofisa tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita. Tunahitaji kamba mbili za mita 60. Kama mbili ni nyingi, hata moja tutashukuru, ila iwe mpya. Na kama haiwezekani kabisa, tunaomba tuambiwe leo, ili tugonge mlango mwingine mapema badala ya kusubiri sherehe ijayo.

Daftari la kumbukumbu liko mezani, upande wako wa kulia. Ukurasa tumeshaufungua na kalamu inaandika, tumeijaribu.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Kupanda Milima