Marubani wanaokwenda Ghuba si wasaliti, na wanaobaki si wajinga

Bwana Mhariri,

Yule msomaji wenu aliyeandika kwamba marubani Wakenya wanaokwenda kuwarushia Waarabu ndege hawana uzalendo, na ati serikali iwazuilie leseni mpaka walipe gharama za kusomeshwa, nataka kumuuliza tu, gharama zipi ndugu yangu? Mimi ni rubani, mzaliwa wa Lamu, nimefanya kazi Ghuba miaka kadhaa na sasa nimerudi naleta watu Manda, uwanja wetu wa Lamu, kutoka Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi. Ukiondoa waliopitia jeshini, hao wana hesabu yao, katika wenzangu ninaowajua hakuna hata mmoja aliyelipiwa leseni na serikali. Tumelipiwa na shamba la babu lililouzwa, na dhahabu za mama, na michango ya maami na mashangazi, na benki ambayo mpaka leo wengine wanaikimbia simu yake. Ni mamilioni. Kwa hivo hilo la kudaiwa na taifa tuliweke kando kwanza.

Na ukishaipata hio leseni ya biashara, CPL, una saa 200 hivi za kuruka na hapo ndipo unajua kwamba hakuna anayekutaka. Makampuni makubwa yanataka saa kwa maelfu, leseni kubwa yenyewe ya ATPL haitoki mpaka utimize saa 1,500, sasa hizo 1,300 za katikati utazitoa wapi? Ndio mnawaona vijana pale Wilson, shati jeupe limepigwa pasi, wanapita hangari kwa hangari kuulizia kazi, wengine wanapakia mizigo na kuandika makaratasi ofisini ilimradi tu wawe karibu siku kile kiti cha mkono wa kulia cha rubani msaidizi kwenye Caravan, hizi ndege ndogo za injini moja, kitakapokuwa wazi. Huyo kijana akija kupata kazi nje na akaenda, mimi simlaumu hata kidogo.

Lakini na huku kwetu barzani kuna ugonjwa wa pili, tena huu naona ndio mbaya zaidi manake unatoka kwa watu wanaotupenda. Ukikaa tu baada ya alasiri unaanzwa, "wewe kepteni bado uko na hako kadege kako? Mtoto wa fulani yuko Dubai anarusha lile la ghorofa mbili, wewe ndege yako hata choo haina." Kweli haina, Caravan haina choo, abiria wa kahawa nyingi wanalijua hilo kuliko mimi. Wazee wangu, hishima yenu iko pale pale, lakini mnavowasukuma hawa vijana hamuangalii kitu chochote isipokuwa mshahara, na mshahara ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye mkataba wa rubani.

Kitu kigumu kinaitwa sinioriti na nitakieleza taratibu kwa sababu watu wa nje ya kazi hii hawakijui. Daktari bingwa akihama hospitali anahama na ubingwa wake, mhasibu hali kadhalika. Rubani akihama kampuni, sana sana hizi kubwa, anaingia mkiani mwa orodha. Nambari yako kwenye ile orodha ndio inayoamua nani awe kepteni na lini, nani apewe ndege gani, nani apate likizo ya Idi na nani abaki stendibai, na mambo yakiharibika nani atangulie kutolewa. Kepteni wa hapa mwenye mistari minne begani akienda huko mara nyingi anavuliwa mmoja, anakaa kiti cha kulia, anaanza kungoja upya pamoja na watoto aliowazidi miaka kumi na tano. Haya, amengoja, amepanda, watoto wameshakuwa, mama anaumwa, anataka kurudi nyumbani. Huku nako nambari yake ya zamani ilishafutwa kitambo. Mimi niliporudi kampuni moja, siitaji, iliniambia zile saa zangu zote za ndege kubwa kwao si kitu, nianze chini na kozi ya ndege yao nijilipie mwenyewe. Nikawaaga vizuri nikaenda kwengine.

Kwa hivo swali la kwenda au kubaki si Dubai wanalipa ngapi. Swali ni nikitoka kwenye foleni hii nitaingia ile nikiwa na umri gani, na nikitaka kurudi nitaingilia wapi. Kampuni za kimataifa mwisho wa kurusha abiria ni miaka 65, huwezi kuanza foleni mara tatu ukategemea kufika mbele.

Sasa hela, najua ndio mnazongoja. Ghuba mshahara hautozwi kodi, unapewa nyumba au pesa ya nyumba, karo za watoto kwa sehemu kubwa, na kiinua mgongo ukimaliza. Hapa kwetu anayepata zaidi ya laki nane kwa mwezi, ile sehemu inayozidi inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, asilimia 35, ipo hivo tangu 2023, kishapo tozo ya nyumba asilimia 1.5, SHIF ya matibabu asilimia 2.75, na bado NSSF ya uzeeni. Ukiziweka risiti mbili mezani hakuna mashindano, sitawadanganya. Ila ile nyumba si yako. Gari umelichukua kwa mkopo wa benki ya kule, shule ya watoto inakwenda na kazi, viza ya mkeo inakwenda na viza yako na viza yako inakwenda na kazi. Hata medikali, ile tunayopimwa kila mwaka na ukipita miaka 60 kila miezi sita, daktari akikukuta na jambo la moyo umepoteza leseni, mshahara na nchi kwa karatasi moja. Hapa ukifeli medikali utalia, lakini utalia kwenu.

Tuliyaona haya 2020. Kenya ilifunga ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi, za ndani zikaanza tena 15 Julai na za nje 1 Agosti, na hapo katikati KQ, yaani Kenya Airways, nayo ilikata mishahara na kupunguza watu, marubani wakiwemo, kwa hivo asije mtu akasema nyumbani kulikuwa peponi. Kampuni ndogo ndogo ndio usiseme, kuna watu walikaa miezi wanalipwa ahadi. Lakini Ghuba walitoa marubani kwa mamia kwa mamia, na China, ambako kabla ya hapo ndiko kulikokuwa na mikataba minono kuliko kote duniani, marubani wengi wa kigeni waliambiwa wapumzike bila mshahara mpaka waitwe, na wengi hawakuitwa. Mtaa niliokuwa nakaa kule Ghuba kila asubuhi kuna familia inapanga vitu nje, friji, vitanda, baiskeli za watoto, vinauzwa kwa bei ya kutupa na wanunuzi wenyewe hawapo maana kila mtu anauza. Jirani yangu, kepteni mtu mzima, alikuwa anawapigia simu watu wa shule kuomba watoto wamalize muhula tu.

Kule hakuna pa kulalamikia pia. Novemba 2022 marubani wa KQ chini ya chama chao cha KALPA waligoma kuhusu mfuko wao wa akiba ya uzeeni, abiria wakakwama, korti ikawarudisha kazini, na mpaka leo kuna wanaowalaani na wanaowaunga mkono. Mimi sisemi walipatia au walikosea. Nasema walikuwa na chama, wakagoma, kesi ikasikizwa. Emirati, nchi yenye hiyo Dubai, vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi, rosta, ratiba ya kazi, ikija unaifuata, na ukiona hujapendezwa nayo mlango unaujua ulipo.

Na rosta yenyewe. Watu wanaona picha ya rubani yuko Sydney leo, kesho kutwa London, wanadhani anatembea. Wengi wetu tunaijua Sydney kwa pazia nzito la hoteli, ile nyeusi ya kuzuia jua, umelala saa saba za mchana mwili unakataa, saa tisa za usiku uko macho unaangalia dari unangoja basi la kazini. Safari ndefu kama za Dubai mpaka Auckland, saa kumi na sita na ushei, mnakwenda marubani wanne mnapokezana kulala, sasa kutua ni mmoja tu anatua. Kanuni inataka uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na kuna watu wa ndege kubwa wanaokosa hata hizo tatu wanapelekwa simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, kwenda kuzitafuta. Mimi hapa kwa siku moja nzuri nazimaliza kabla ya adhuhuri, na kwa mikono yangu, na upepo wa kusi unanisukuma.

Ramadhani ndio iliyokuwa inanichosha roho. Kampuni nyingi hazitaki rubani afunge akiwa kazini na dini imempa msafiri ruhusa, kwa hivo utalipa baadaye, hilo sawa. Lakini ukiruka jioni kuelekea magharibi unalifukuza jua, liko pale pale mbele yako linakutazama kwenye kioo, chini Waislamu wameshafuturu nchi mbili zilizopita na wewe juu futi elfu thelathini na nane magharibi yako haiingii. Wahudumu wale Waislamu waliofunga wanakuja wanapiga hodi mlangoni, kepteni bado? Bado. Baada ya robo saa, kepteni? Bado mwanangu. Halafu mnafika hoteli, Idi inatangazwa kwenye simu, unawapigia nyumbani unasikia kelele za watoto na sufuria, unaambiwa subiri kidogo kuna wageni.

Sasa na huku nyumbani kuna nini? Kuna mambo ambayo barza haiyahesabu. Kabla barabara ya Garsen haijatiwa lami na kutulia, basi zilikuwa zinakwenda kwa msafara wa polisi, na kuna wakati mtu mwenye mgonjwa alikuwa anaona usalama wake ni ndege tu. Juzi nimezima injini Manda, joto limeingia, wachukuzi na rukwama zao wanasubiri nje, nyanya mmoja aliyekwenda Nairobi kwa matibabu ya macho akakataa kushuka mpaka anijue mimi ni nani. "Wewe si mwana wa fulani wa Langoni?" Nikasema naam bibi. Akaniangalia sana, jicho moja bado lina bandeji, akaniambia basi siku nyengine nisipite kwenye mawingu yale ya Tana. Hakuna kampuni iliyowahi kunipa ripoti ya kazi kama hiyo.

Lakini hayo hayalipi mkopo, na ndio nawarudia nyinyi mnaopiga ngoma ya uzalendo. Emirates ilianza Oktoba 1985 na ndege za kukodi kutoka Pakistan. Kenya Airways ilianzishwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, yaani sisi tumewazidi miaka minane. Kama leo ni vijana wetu wanaokwenda kuomba kazi kwao basi waulizeni waliokuwa wanaendesha mambo, si huyo kijana mwenye saa 1,800 na deni. Na sisi wa pwani tuna letu: uwanja wa Malindi njia yake ya ndege ni kama kilomita 1.4, miaka nenda miaka rudi tunaahidiwa itarefushwa, Mtaliano anayekuja Malindi bado anashukia Mombasa anamalizia kwa gari. Njia ikiwa fupi ndege inakuwa ndogo, ndege ikiwa ndogo viti vya marubani ni vichache. Huo ndio mlango wanaotokea.

Ushauri wangu kwa vijana ni mmoja na ni wa ubahili. Usiende na saa chache. Kaa hapa kwenye hako kadege kasiko na choo upate ukepteni, saa ulizoruka wewe ndio mkubwa wa ndege hazifutwi na orodha ya mtu yeyote. Kishapo nenda. Watu wa Lamu kutafuta rizki Arabuni hatukuanza na Airbus, manahodha wetu walikuwa wanaondoka na kusi wanarudi na kaskazi, siku ya kurudi wanaijua kabla ya kutweka tanga. Jiwekee mwaka wa kurudi na uuseme mbele ya mkeo ili akukumbushe. Leseni yako ya KCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, usiiache ife, ilipie na uihuishe hata kama huitumii. Usiishi kwa mshahara wote. Na soma bondi, ile karatasi inayosema kampuni imekulipia kozi na ukiondoka kabla ya muda utairudisha, isome wewe mwenyewe usisomewe na wakala.

Wenye kampuni hapa nyumbani nao, mtu akirudi na maelfu ya saa za ndege kubwa msimpokee kama mwizi. Ana mambo ya usalama na ya simuleta ambayo mnawalipa wazungu wa ushauri kuja kuwafundisha, yeye anayo kichwani na anaomba kazi tu.

Wiki hii kijana mmoja wa Shela ameniletea mkataba wake kutoka huko huko, babake anataka asaini kabla ya Ijumaa. Tumekaa nao jetini tumeusoma mpaka ukurasa wa bondi, umeandikwa miaka mitatu lakini haukuandikwa kiasi cha pesa. Nimemwambia awaandikie waulizwe kiasi, na asisaini mpaka wajibu kwa maandishi. Babake hakufurahi.

Wenu,
Rubani, Langoni, Lamu