Tafsiri za Mwalimu si hati ya Ujamaa

Ndugu Mhariri,

Kila tunapokaribia Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, huzuka hoja moja inayonikera: kwamba mtu aliyeweza kumsemesha Shakespeare Kiswahili fasaha namna ile hakuwa wa kukosea kuhusu Ujamaa. Wasomi huisema kwa maneno marefu, vijiweni huisema kwa mkato, lakini hoja ni ileile.

Tafsiri zenyewe sina ugomvi nazo. Ile ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa na nchi changa ya kuendesha. Akaipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Rais gani leo anarudi kusahihisha mistari ya tamthilia? Ila hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaisari, hata ikikolea vipi, haimwambii mkulima wa Kigoma kama mihogo yake itastawi akihamishiwa kijiji kipya. Tena tamthilia yenyewe inatuonya: raia wa Roma wanamshangilia Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, halafu muda si muda wanataka kumchomea nyumba, kwa kuwa amepanda jukwaani msemaji mtamu zaidi.

Agizo la mwaka 1973, kwamba hadi mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wamehamia vijijini, lilikuwa la kupimwa kwa mvua, udongo, umbali wa maji na mavuno. Mwalimu mwenyewe, katika tathmini yake ya mwaka 1977, alikiri kuwa nchi bado si ya kijamaa wala haijajitegemea. Hakujitetea kwa Shakespeare.

Wapo pia wa upande wa pili, wakosoaji wa Ujamaa, wanaonyanyua Gamba la Nyoka, riwaya ya Kezilahabi kuhusu vijiji vya Ujamaa, kama ripoti ya ukaguzi wa vijiji. Nao nawajibu vilevile. Riwaya ile inatufanya tuulize maswali ambayo hotuba za chama hazikuyagusa, na hiyo si kazi ndogo. Majibu yatafutwe kwingine.

Dai la Mwalimu ambalo tafsiri zake zinalithibitisha ni moja: kwamba Kiswahili kinabeba fikra nzito. Hapo huhitaji kumwamini mtu, fungua kitabu usome. Na hapo ndipo wasifiaji wake hunyamaza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza shule za sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikaliweka pendekezo kando, Mwalimu akiwa bado Ikulu. Hadi leo mtoto anaingia kidato cha kwanza na kukaririshwa baiolojia kwa Kiingereza asichokielewa.

Wanaotaka tafsiri zile zimpe Mwalimu haki ya kusikilizwa, basi waanzie hapo, watueleze kwa nini hazikumshawishi hata yeye aliyeziandika.

Wako,
Mwalimu wa fasihi,
Morogoro